Walielewa kila neno, mbona hawakucheka?

*"Mtaalamu, nimeandika manukuu (yale maandishi ya chini ya skrini) ya Kiswahili ya filamu ya vichekesho ya Kiingereza yenye dakika 95. Niliitazama mara nne kabla ya kuanza kazi, na mara zote nne nilicheka. Nilipowaonyesha watu kumi na wawili, walicheka pale tu mtu alipoanguka au kugonga mlango. Mazungumzo, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa filamu, yalipita kimya. Niliwauliza baadaye, na wote walikuwa wameelewa kilichosemwa. Je, tafsiri yangu ni mbovu, au vichekesho havitafsiriki? Niweke maelezo kwenye mabano? Nitoe majina ya watu maarufu wa huko niweke ya watu tunaowajua sisi? Au niache yalivyo?"*

Pole kwa kile kimya. Hakuna chumba kizito kama chumba cha watu wanaotazama kichekesho bila kucheka. Lakini katika swali lako umeshataja jambo lenyewe bila kulitilia maanani: watazamaji walielewa kilichosemwa. Kwa hiyo sidhani kwamba tafsiri yako ni mbovu. Nadhani ni sahihi mno, imebeba maneno yote na kuacha nyuma kile ambacho maneno hayo yalikuwa yanakitegemea.

Kichekesho ni hesabu ambayo msemaji huiandika nusu tu. Nusu nyingine msikilizaji huimalizia kichwani mwake, na kicheko hutoka pale anapopata jibu. Victor Raskin, mwanaisimu aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1985, alilieleza hivi: maneno yale yale lazima yasomeke kwa picha mbili zinazopingana, na mtu acheke anaporuka kutoka picha moja hadi nyingine. Asiyekuwa na picha ya pili kichwani hana pa kurukia. Anasikia sentensi ya kawaida, anaielewa, anasubiri inayofuata.

Chukua mfano. Mgeni anafunguliwa chumba cha hoteli. Ni kifinyu, ukuta mtupu, dirisha moja dogo lenye nondo. Anamgeukia mhudumu na kusema: "Nipe na nguo za milia basi." Mtazamaji aliyekulia kwenye katuni na filamu ambamo mfungwa huvaa milia anaiongeza jela mwenyewe, papo hapo. Ambaye hajawahi kuhusisha milia na jela anaona mtu anaomba nguo. Ukimuuliza, atakujibu kwa uaminifu kabisa kwamba ameelewa: huyo bwana kaomba nguo.

Zingatia pia kwamba kujua hakutoshi. Maarifa yanatakiwa yawe yameshafika mbele ya akili kabla neno la mwisho halijasomwa. Watazamaji wako kumi na wawili huenda wengi wao, wakiulizwa kwa utulivu, wangekumbuka wameona mfungwa wa milia mahali fulani. Ila kukumbuka baada ya sekunde tatu ni kuchelewa. Filamu imeshasonga.

Sasa tuje kwenye mabano, maana ndipo wengi hukimbilia. Kwanza, yanageuza mpangilio: panchi, yaani lile neno la mwisho linaloleta kicheko, inatoka, halafu maarifa yanafuata, wakati ilipaswa kuwa kinyume. Pili, hakuna nafasi. Vipimo vinavyotumika sana katika manukuu ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 42 ukihesabu na nafasi, na kasi ya kusoma ya herufi kama 17 kwa sekunde kwa mtu mzima. Yule mgeni wa hoteli akisema maneno yake kwa sekunde mbili, una herufi 34. "Nipe na nguo za milia basi." imeshakula 27. Ukiongeza "(wafungwa huvaa milia)" unafika 50, na unahitaji karibu sekunde tatu. Mtazamaji atakuwa bado anasoma mabano wakati uso wa mhudumu, ambao ndio nusu ya kichekesho, umeshaondoka kwenye skrini.

Mabano yana mahali pake, sitaki kuyatukana. Wapenzi wa katuni za Kijapani wanaojitafsiria wenyewe huweka maelezo juu ya skrini, na watazamaji wao husimamisha video, wakasoma, wakaendelea. Hao wamekuja kujifunza utamaduni na wanatazama peke yao wakiwa na kitufe mkononi. Kama filamu yako ni ya watu wa aina hiyo, weka. Kama ni ya chumba kilichojaa watu, usiweke hata moja.

Kuhusu kubadilisha majina ya watu maarufu, tatizo ni sikio. Manukuu hayafuti sauti. Mwigizaji akitaja jina la mtangazaji wa kwao, mtazamaji analisikia, kisha anasoma jina jingine chini, tena la mtu ambaye mhusika huyo hana njia ya kumfahamu. Papo hapo anaacha kuiamini filamu na anaanza kukufikiria wewe mtafsiri. Kwenye filamu iliyoingizwa sauti ya lugha nyingine uhuru ni mkubwa zaidi, kwa sababu sauti ya asili haipo. Studio kubwa zina uhuru hata wa picha: katika filamu ya katuni *Inside Out* (2015) mboga ambayo mtoto anaichukia ni brokoli, lakini kwa watazamaji wa Japani picha yenyewe ilichorwa upya ikawa pilipili hoho za kijani, kwa kuwa ndizo zinazojulikana huko kuwa adui wa watoto. Wewe huna kalamu ya picha. Una mistari miwili tu.

Lakini kati ya kuacha jina lilivyo na kuweka la mtu wa kwetu kuna nafasi kubwa, na humo ndimo kazi yenyewe ilimo. Jiulize jina hilo linafanya nini katika sentensi. Kama ni la bahili anayejulikana nchi nzima, basi kazi yake ni ubahili, na "anatoa kama mtu anayeng'olewa jino" itafanya kazi hiyo bila kumhitaji. Kama mtazamaji atalisikia waziwazi na ni lazima libaki, lishike mkono kwa neno moja: "mchawi", "jambazi", "mhubiri", halafu jina. Neno moja, si sentensi. Au tafuta kitu kingine cha picha ile ile ambacho hakina nchi. Yule mgeni wetu wa hoteli anaweza kusema: "Saa ya kutembelewa ni saa ngapi?" Jela imebaki, milia imeondoka, na herufi ni 32, ndani ya sekunde zako mbili. Mimi ningechagua hii ya mwisho mara nyingi kuliko zote, kwa sababu hailazimishi mtu yeyote ajue chochote cha nchi yoyote.

Kabla ya kubadilisha chochote, hata hivyo, ondoa rejeleo na utazame kinachobaki. Vichekesho vingi vina tabaka zaidi ya moja. *Airplane!* ya mwaka 1980 ilichukua hadithi na mazungumzo mengi kutoka filamu ya maafa ya ndege iliyotoka mwaka 1957, *Zero Hour!*, na ikawapa sehemu kubwa waigizaji kama Leslie Nielsen na Robert Stack, ambao wakati huo walijulikana kwa kucheza watu makini. Watazamaji wengi, hata wa Marekani kwenyewe, hawakuwa wameiona ile ya 1957. Walicheka kwa sababu tabaka la juu halidai maarifa hayo: uso wa mtu mzito, sauti nzito, maneno ya kipuuzi. Kichekesho cha namna hiyo usikiguse. Tafsiri upuuzi kwa Kiswahili kizito cha kiofisi, na uzito utafanya kazi yake. Kosa la kawaida hapa ni mtafsiri kuona sentensi ya kipuuzi na kuitia maneno ya mtaani ili "ichangamke". Ukifanya hivyo umewaambia watazamaji kwamba huyu ni mchekeshaji, na mhusika hapaswi kujua kuwa anachekesha.

Lafudhi ndiyo ngumu kuliko zote. *Bienvenue chez les Ch'tis* ya Ufaransa (2008) iliuza tiketi zaidi ya milioni 20 nchini humo kwa kisa cha meneja wa posta wa kusini anayehamishiwa kaskazini, ambako watu wanaongea kwa namna ambayo yeye hawezi kuifuata. Waitalia walipoitaka, hawakuhangaika na lafudhi ya kaskazini mwa Ufaransa. Mwaka 2010 walitengeneza yao, *Benvenuti al Sud*, na wakageuza ramani: meneja anatoka kaskazini anapelekwa kusini, kwa sababu Italia dharau za mikoa zimekaa upande huo. Waliona kwamba kilichochekesha ni hofu ya mtu juu ya mahali asipopajua, na lafudhi ilikuwa chombo tu. Wewe hutengenezi filamu mpya, lakini jicho hilo lichukue. Usimpe mhusika wa mbali lafudhi ya mkoa wowote wa Kiswahili; utakuwa umeingiza dharau ambayo filamu haikuitaja. Tumia mpangilio wa maneno, mazoea ya kurudia, neno moja analolikosea kila mara kwa namna ile ile.

Tukifika kwenye mchezo wa maneno, Kiswahili kina mtego wake ambao sijaona ukitajwa vya kutosha: upatanisho wa ngeli. Kuna onyesho mashuhuri katika *Horse Feathers* (1932) ambamo mchekeshaji Groucho Marx anahitaji muhuri kwenye hati, na ndugu yake Harpo anamletea mnyama wa baharini, sili, akiwa hai. Kwa Kiingereza muhuri na sili ni neno moja. Kwetu ni mawili, na mnyama yupo kwenye picha, kwa hiyo huwezi kumkwepa. (Tuna "sili" la mnyama na "sili" la mtu anayekataa chakula, lakini kwenye onyesho lile hakuna anayekula. Ndivyo ilivyo kazi hii.)

Maneno yetu yenye sura mbili tunayo mengi: mbuzi wa pembe na mbuzi ya kukunia nazi, paa la nyumba na paa wa porini, kaa la moto na kaa wa baharini. Lakini sikiliza nilichofanya sasa hivi: "wa", "ya", "la". Ngeli imeshatoa siri. Mnyama anavuta *a-* na *wa-*, kifaa kinavuta kingine, na mtazamaji anajua unamaanisha kipi kabla hujamaliza. Kwa hiyo mchezo wa maneno wa Kiswahili huishi pale tu ambapo neno limesimama peke yake, bila kivumishi, bila kimilikishi, bila kiambishi cha mtendwa. "Niletee mbuzi upesi" inafanya kazi, na mtu akiingia amemshika pembe, chumba kitacheka. "Ilete ile mbuzi" imekwisha kabla haijaanza. Ukijenga mchezo wa maneno, pitia kila neno linalopakana nalo na uondoe upatanisho wote.

Kisarufi kuna mtego mwingine wa upande wa pili. Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, sisi hatutofautishi. Wanaume wawili wanamzungumzia kwa woga bosi asiyeonekana, kisha mmoja anateleza na kutumia kiwakilishi cha kike. Kwa Kiingereza ni panchi. Kwa Kiswahili "amekuja" halisemi kitu, na kicheko kimepotelea hapo. Hamishia mshtuko kwenye nomino na uiweke mwisho kabisa: "Amekuja yule mama." Kinyume chake, kwenye ukoo sisi ndio tunaosema mengi mno. Kiingereza kina neno moja kwa shangazi na mama mdogo. Wewe lazima uchague, na ukichagua vibaya dakika ya 8 utaumbuka dakika ya 70 ukoo utakapofichuka. Soma filamu hadi mwisho kabla ya kumpa mtu yeyote udugu.

Sasa lile ambalo naona litakusaidia kuliko yote. Maarifa ambayo kichekesho kinayahitaji, usiyapeleke pale kilipo kichekesho. Yapande mapema. Filamu yoyote nzuri ya vichekesho hujitengenezea utamaduni wake yenyewe: dakika ya 10 kofia, dakika ya 30 kofia tena, dakika ya 80 kofia inaingia peke yake na watu wanaangua kicheko, ingawa hakuna aliyezaliwa na kofia hiyo. Unaweza kuazima njia hiyo hiyo. Kama dakika ya 12 kuna taarifa ya habari kuhusu mfungwa aliyetoroka, na picha inamwonyesha na nguo zake, andika "mfungwa wa nguo za milia bado anasakwa" badala ya "mtoro bado anasakwa". Hujadanganya, kipo kwenye picha. Ikifika dakika ya 40, yule mgeni wa hoteli anaweza kuomba nguo zake za milia na jela itakuwa imeshakaa tayari. Panda mahali penye picha ya kukusaidia, na kama unaweza, mara mbili. Usipande kwenye sentensi iliyotangulia moja kwa moja, kwa sababu hapo inakuwa mabano yaliyovuliwa mabano.

Hili linadai nidhamu moja ambayo watafsiri wenye Kiswahili kizuri hushindwa: usibadilishe neno kwa ajili ya urembo. Ukiandika "kofia ya bahati" mwanzo, isiwe "chepeo ya heri" mwisho. Mtazamaji ataona kofia mbili. Tengeneza jedwali la maneno yanayorudi, na kila moja lipewe Kiswahili kimoja tu kwa filamu nzima.

Jedwali la pili liwe la vichekesho vyenyewe. Andika muda, sentensi ya asili, mtazamaji anahitaji kujua nini, kinabaki nini bila hicho, na uamuzi wako. Ni kazi ya siku mbili tatu, na inachosha, lakini utagundua kwamba vyenye tatizo la kweli si vingi kama ulivyohofia. Anza na vile ambavyo wahusika wenyewe wanacheka kwenye skrini. Hapo mtazamaji asipocheka hujiona amefungiwa nje, na akijiona hivyo mara mbili tatu, huacha kujaribu. Kile ambacho wahusika wanakipita bila kusimama kinaweza kufa bila msiba. Ukipoteza kimoja, unaruhusiwa kufidia karibu na hapo, kwa mhusika yule yule na ladha ile ile, mahali ambapo Kiswahili kinakupa nafasi ya bure.

Halafu angalia muda. Kuna vichekesho ulivyovitafsiri vyema kabisa na ukaviua kwa kuvitoa mapema. "Mume wangu ni msikilizaji mzuri. Miaka mitano hajanikatiza." Ukiiweka yote kwa pamoja, watu wanaisoma kabla mwigizaji hajafika katikati, wanacheka juu ya sauti yake, na anapomaliza hakuna kilichobaki. Itenganishe. Ya pili iingie kwenye fremu (picha moja kati ya zile zinazounda filamu) ile anayofungua mdomo, ukiacha pengo la fremu mbili angalau kati yake na ya kwanza, na isikae chini ya fremu 20 kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Usihofu sana urefu: vitenzi vyetu vinabana kuliko Kiingereza, "sitakuambia" ni neno moja. Kinachotujaza mstari ni vyeo na maelezo.

Kuna mambo ambayo hutayamaliza peke yako mezani. Mtafute mtu aliyekulia kwenye utamaduni wa filamu hiyo, ukae naye ana kwa ana jioni moja, ukiwa na sentensi zenye shaka tu. Usimuulize "maana yake nini", kwa sababu atakupa maana na unayo tayari. Muulize: "Huyu akitajwa, watu wanawaza nini kwanza?" Mwangalie na uso. Akicheka kabla ya kujibu, andika alichokicheka. Kichekesho kikigusa dini, kabila au ulemavu, msikilize pia mtu wa kundi linalotajwa kabla hujaamua kukilainisha au kukiacha. Na kama unataka kubadilisha jambo linalogusa hadithi, huo si uamuzi wako. Rudi kwa mwenye filamu, upate ruhusa kwa maandishi.

Kisha pima upya, watu wanane hadi kumi na wawili, chumba kimoja, taa zimezimwa. Usiwatumie mmoja mmoja kwenye simu: mwanasaikolojia Robert Provine, aliyechunguza kicheko cha kila siku, aliona watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, kwa hiyo kimya cha mtu mmoja chumbani kwake hakikuambii kitu. Rekodi sauti ya chumba. Kicheko kikitangulia maneno ya mwigizaji, nukuu imetoka mapema. Kikichelewa, ni ndefu au panchi iko katikati badala ya mwisho. Kisipokuwepo kabisa, rudi kwenye safu ya "anahitaji kujua nini". Wale kumi na wawili wa kwanza usiwaite kwa kipimo hiki, kwa sababu sasa wanajua kinachokuja.